Kwa nini maneno hupotea chumbani hata msemaji akipaza sauti

MWALIMU anatamka neno “fika” mbele ya darasa. Mwanafunzi wa dawati la mbele anaandika “fika”. Mwenzake aliye katikati anaandika “pika”, na yule wa dawati la nyuma, karibu na dirisha linaloelekea barabarani, anaandika “shika”. Wote watatu wameisikia sauti ya mwalimu, lakini ni mmoja tu aliyelipata neno lake.

Kosa kama hilo aghalabu hutwikwa mwanafunzi. Huambiwa kwamba hakuwa makini, kwamba ni mzembe au kwamba hana masikio. Hata hivyo, wataalamu wa akustika, tawi la fizikia linaloshughulikia sauti, wamejua kwa zaidi ya karne moja kwamba chumba chenyewe huwa na sehemu kubwa katika mazungumzo. Kuta, dari na sakafu huipokea sauti, huirudisha na kuichanganya kabla haijamfikia msikilizaji.

Panapokuwa na kelele nyingine, iwe ni honi za matatu, darasa jirani linalokariri au watu wanaonong’onezana, madhara ya chumba huzidi. Aidha, dawa ambayo wengi huikimbilia, yaani kupaza sauti au kuongeza nguvu za vipaza sauti, mara nyingi haiponyi ugonjwa huo.

SAFARI YA SAUTI

Katika hewa yenye joto la kawaida, sauti husafiri kwa kasi ya takriban mita 340 kwa sekunde. Mahali pa wazi, sauti hudhoofika kadiri inavyokwenda mbali. Kila umbali unapoongezeka maradufu, nguvu zake hupungua kwa takriban desibeli 6, desibeli ikiwa ndicho kipimo cha ukubwa wa sauti.

Mathalani, sauti ya mwalimu iliyo na desibeli 65 kwa mtu aliye mita moja kutoka kwake hubaki na desibeli 59 kwa aliye mita mbili, 53 kwa aliye mita nne na 47 kwa aliye mita nane.

Ndani ya chumba mambo hubadilika. Msikilizaji hupokea kwanza sauti iliyotoka moja kwa moja kinywani mwa msemaji. Punde si punde huwasili nakala zake zilizogonga ukuta wa kushoto, wa kulia, dari na sakafu. Kisha huja nakala za nakala, hadi zote zikaungana na kuwa mvumo mmoja unaoendelea kusikika hata baada ya msemaji kunyamaza.

Mvumo huu ni tofauti na mwangwi wa bondeni. Katika mwangwi, neno hurudi likiwa zima baada ya kimya kifupi. Katika mvumo, hakuna kimya wala neno zima, bali mabaki ya sauti yaliyorundikana.

Si kila sauti inayorudi huwa na madhara. Mwaka wa 1949, mtafiti Mjerumani Helmut Haas alionyesha kwamba sauti inayorudi upesi baada ya ile ya kwanza huunganishwa nayo na ubongo, na msikilizaji huzisikia kama sauti moja iliyo na nguvu zaidi. Kwa usemi, kikomo kinachotumiwa sana na wataalamu ni sehemu ya ishirini ya sekunde, muda ambao sauti husafiri takriban mita 17. Nakala zinazowasili kabla ya kikomo hicho humsaidia msikilizaji. Zinazochelewa ndizo zinazomharibia.

MITO YA VITI NA SAA YA MKONONI

Msingi wa elimu hii uliwekwa Marekani. Mwaka wa 1895, Chuo Kikuu cha Harvard kilikuwa na ukumbi mpya wa mihadhara katika jumba la makumbusho la Fogg, lakini wasikilizaji hawakuweza kuelewa yaliyosemwa humo. Kijana aliyekuwa mwalimu wa fizikia chuoni, Wallace Clement Sabine, aliombwa kutafuta suluhisho.

Sabine alifanya kazi usiku, wakati mji ulipokuwa umetulia. Alipiga filimbi ya kinanda, akainyamazisha, kisha akapima kwa saa muda ambao sauti iliendelea kusikika. Ukumbi ulipokuwa mtupu, muda huo ulizidi sekunde 5. Kwa kuwa mtu anayezungumza kwa mwendo wa kawaida hutamka silabi nne au tano kila sekunde, maneno mengi yalikuwa yakielea hewani kwa pamoja.

Alileta mito ya viti kutoka ukumbi mwingine wa chuo hicho, Sanders Theatre, akaipanga kidogo kidogo na kupima upya kila mara. Kadiri mito ilivyoongezeka, ndivyo mvumo ulivyofupika.

Kutokana na majaribio hayo alipata kanuni inayotumiwa na wajenzi hadi leo: muda wa mvumo hutegemea ukubwa wa chumba na uwezo wa vitu vilivyomo wa kufyonza sauti. Chumba kikubwa huvuma kwa muda mrefu, nacho chenye vitu vingi vya kufyonza huvuma kwa muda mfupi. Jumba la muziki la Symphony Hall mjini Boston, lililofunguliwa mwaka wa 1900, lilijengwa kwa kufuata ushauri wake.

Siku hizi, muda wa mvumo huhesabiwa kuwa muda unaohitajika ili sauti ipungue kwa desibeli 60, yaani nguvu zake zibaki sehemu moja kwa milioni. Sabine alitumia dirisha lililo wazi kama kipimo cha ufyonzaji kamili, kwa kuwa sauti ipitayo dirishani hairudi tena. Saruji iliyolainishwa hufyonza chini ya asilimia tano ya sauti inayoigonga na kurudisha iliyobaki.

IRABU ZINAPOFUNIKA KONSONANTI

Ili kuelewa jinsi mvumo unavyoharibu usemi, ni muhimu kutazama maneno yenyewe. Irabu, yaani a, e, i, o na u, hubeba sehemu kubwa ya nguvu za sauti. Konsonanti kama vile p, t, k, f na s ni dhaifu na za muda mfupi, lakini ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya maana.

Katika Kiswahili jambo hili ni dhahiri. Maneno “pika”, “fika”, “shika” na “zika” yana irabu zilezile katika mpangilio uleule. Kinachoyatenganisha ni konsonanti ya kwanza pekee. Msikilizaji akiikosa hiyo, hana budi kubahatisha kutokana na sentensi nzima.

Vilevile, silabi nyingi za Kiswahili huishia kwa irabu. Hii ina maana kwamba karibu kila konsonanti hutanguliwa na irabu yenye nguvu. Katika chumba chenye mvumo mrefu, mkia wa irabu iliyotangulia haujafifia wakati konsonanti inayofuata inapotamkwa, hivyo huifunika. Usemi hugeuka na kuwa mfululizo wa irabu zinazoungana.

MASIKIO MAWILI NA KELELE NYINGI

Uwezo wa binadamu wa kufuata sauti moja katikati ya nyingine ulichunguzwa na Colin Cherry, mtaalamu Mwingereza aliyechapisha matokeo yake mwaka wa 1953. Aliwavisha watu vidude vya kusikizia na kuwasomea habari moja katika sikio la kulia na nyingine katika sikio la kushoto, akiwataka wairudie mojawapo kwa kuitamka.

Watu hao waliweza kazi hiyo bila taabu kubwa, lakini hawakujua karibu chochote kuhusu habari waliyoipuuza. Walitambua pale sauti ya mwanamume ilipobadilishwa kuwa ya mwanamke. Hata hivyo, lugha ilipobadilishwa kutoka Kiingereza hadi Kijerumani katika sikio hilo, hawakulitambua badiliko hilo.

Sikio hutumia mbinu kadhaa kutenganisha sauti zinazoshindana. Ya kwanza ni mwelekeo. Sauti inayotoka kulia hulifikia sikio la kulia mapema kidogo kuliko la kushoto, tofauti ambayo haifiki hata sehemu moja ya elfu ya sekunde. Kichwa nacho huizuia kiasi isilifikie sikio la pili kwa nguvu zote. Ubongo hutumia tofauti hizo kujua nani yuko wapi.

Mbinu ya pili ni kuvizia mianya. Kelele za watu hazina nguvu sawa wakati wote, kwani kila msemaji husita, huvuta pumzi au hutamka konsonanti dhaifu. Katika mapengo hayo madogo, msikilizaji huokota vipande vya maneno anayoyataka. Mbinu ya tatu ni kufuata wembamba au uzito wa sauti ya mtu anayemsikiliza.

Mvumo wa chumba huzishambulia mbinu zote tatu kwa pamoja. Sauti zinaporudi kutoka pande zote, kelele iliyotoka upande mmoja huonekana kutoka kila upande, na faida ya kuwa na masikio mawili hupungua. Mianya iliyokuwa kati ya maneno ya washindani hujazwa na mabaki ya maneno yao ya awali. Nayo sauti ya kila mtu, ambayo hupanda na kushuka anapozungumza, huchanganyika na ile aliyoitoa kitambo kidogo, hivyo inakuwa vigumu kuifuata.

Ndiyo maana watu wawili wanaweza kuelewana vizuri chini ya mti sokoni licha ya kelele zilizowazunguka, lakini wakashindwa kuelewana katika ukumbi wa saruji wenye watu wachache zaidi.

Miaka ya sabini, watafiti wa Uholanzi Tammo Houtgast na Herman Steeneken walibuni kipimo kinachojumuisha kelele na mvumo kwa pamoja. Kipimo hicho huangalia kiasi ambacho milima na mabonde ya usemi hubaki yalivyo baada ya kupita chumbani. Alama yake huanzia 0, ambapo hakuna kinachoeleweka, hadi 1, ambapo usemi umefika bila dosari. Alama inayozidi 0.75 huhesabiwa kuwa bora, nayo iliyo chini ya 0.3 kuwa mbaya.

Kuna pia tabia ya binadamu inayozidisha shida. Mwaka wa 1911, daktari Mfaransa Etienne Lombard alieleza kwamba mtu aliyezungukwa na kelele hupaza sauti bila kukusudia. Katika mkahawa au ukumbi wa harusi unaovuma, kila meza hupaza sauti ili kuishinda meza jirani, nayo jirani hujibu vivyo hivyo. Mwishowe wote hupiga kelele na hakuna anayemsikia mwenzake.

WANAFUNZI NDIO HUUMIA

Watu wazima huweza kuziba mapengo ya maneno yaliyopotea kwa sababu wanaijua lugha na mada vizuri. Watoto hawana akiba hiyo. Uwezo wao wa kuelewa usemi katikati ya kelele huendelea kukua hadi umri wa kubalehe, kwa hivyo chumba kinachomridhisha mwalimu huenda kisimfae mwanafunzi wake.

Wanaofundishwa kwa lugha isiyo ya kwanza kwao huathirika zaidi. Nchini Kenya, hawa ni wanafunzi wengi mno, kwa kuwa masomo mengi hufundishwa kwa Kiingereza ilhali nyumbani huzungumzwa Kiswahili au lugha nyingine. Kundi jingine ni la watoto wenye matatizo ya kusikia. Vifaa vya kusaidia kusikia huongeza nguvu za sauti, lakini huongeza mvumo na kelele pia. Kulingana na ripoti ya Shirika la Afya Duniani (WHO) ya mwaka wa 2021, zaidi ya watu bilioni 1.5 duniani wana upungufu wa kusikia wa kiwango fulani.

Mwongozo wa WHO wa mwaka wa 1999 kuhusu kelele ulipendekeza kwamba kelele darasani wakati wa masomo zisizidi desibeli 35, na muda wa mvumo uwe takriban sekunde 0.6. Marekani iliweka viwango vya namna hiyo mwaka wa 2002. Wataalamu hupendekeza pia kwamba sauti ya mwalimu iwe juu ya kelele kwa angalau desibeli 15 pale alipo mwanafunzi.

Hesabu ya Sabine inaweza kuonyesha umbali uliopo kati ya viwango hivyo na hali ilivyo. Chukua darasa lenye urefu wa mita 8, upana wa mita 6 na kimo cha mita 3, ambalo nyuso zake zote hufyonza asilimia 3 tu ya sauti. Darasa hilo likiwa tupu na madirisha yamefungwa, mvumo wake hudumu takriban sekunde 4.3.

Wakiingia wanafunzi 40, miili na nguo zao hufyonza sehemu ya sauti na muda huo hushuka hadi karibu sekunde 1.3, ambao ni zaidi ya mara mbili ya kiwango kilichopendekezwa. Ikiwekwa dari inayofyonza asilimia 60 ya sauti, muda huo hushuka hadi takriban sekunde 0.5. Badiliko moja la dari limetosha.

Madarasa mengi ya Kenya yana kuta za mawe, sakafu ya saruji na paa la mabati lisilo na dari. Mvua inaponyesha, kishindo chake juu ya mabati huweza kuizima kabisa sauti ya mwalimu. Madirisha yakifunguliwa, mvumo hupungua kwani sauti hutoka nje, lakini kelele za barabarani huingia. Paa la makuti au nyasi, ambalo wengi huliona kuwa la kizamani, hufyonza sauti vizuri zaidi na halipigi kelele wakati wa mvua.

KUPAZA SAUTI SI DAWA

Tatizo likiwa ni kelele za nje pekee, kupaza sauti husaidia, ijapokuwa humchosha mwalimu na kumkausha koo. Tatizo likiwa ni mvumo, hakusaidii. Msemaji akiongeza sauti yake, mvumo unaotokana na sauti hiyo huongezeka kwa kiasi kilekile. Uwiano kati ya neno na mabaki yake haubadiliki hata kidogo.

Kosa hili huonekana sana katika kumbi za mikutano na maabadi. Waumini wakilalamika kwamba hawaelewi mahubiri, wasimamizi hununua vipaza sauti vikubwa zaidi na kuvielekeza kote ukumbini. Sauti huwa kubwa, masikio huuma, lakini maneno hubaki yamefifia. Majirani nao huanza kulalamika, na Kenya ina kanuni za kudhibiti kelele zilizotolewa mwaka wa 2009 ambazo huweza kuwaletea wasimamizi hao mashtaka.

Njia bora ni kutumia vipaza sauti vidogo vingi vilivyo karibu na wasikilizaji, kila kimoja kikiwa na sauti ya chini na kikielekezwa kwa watu badala ya dari au ukuta wa nyuma. Katika ukumbi mrefu, vile vya nyuma hucheleweshwa kidogo kwa mitambo ili sauti zake zisitangulie ile inayotoka mbele.

YANAYOWEZA KUFANYWA

Hatua ya kwanza, ambayo haina gharama, ni kupunguza umbali. Katika darasa linalovuma, sauti ya moja kwa moja huishinda ile ya chumba kwa umbali wa takriban mita moja tu kutoka kwa msemaji. Mwalimu anayetembea kati ya madawati na kutazamana na wanafunzi anaposema huwafaa kuliko anayezungumza akielekea ubao. Mwanafunzi asiyesikia vizuri akae mbele, mbali na dirisha la barabarani.

Kupunguza mwendo wa kusema na kutua baada ya kila sentensi huupa mvumo nafasi ya kufifia. Ni bora kutamka kila konsonanti waziwazi kuliko kupiga mayowe.

Hatua ya pili ni kuzima kelele za ndani. Vipande vya mpira chini ya miguu ya viti na madawati huondoa mkwaruzo wa sakafuni. Milango inayofunga sawasawa huzuia sauti za darasa jirani, na mwanya mdogo juu ya ukuta unaogawa madarasa mawili huweza kupitisha mazungumzo yote ya upande wa pili.

Hatua ya tatu ni kuongeza vitu vya kufyonza: dari ya mbao laini zenye vitundu, mapazia mazito, mazulia, mikeka mizito, au mbao za matangazo zilizofunikwa kitambaa kwenye ukuta wa nyuma. Fedha zikiwa chache, dari ndiyo ya kutangulia kwa kuwa ina eneo kubwa na haiguswi na wanafunzi.

Hata hivyo, kufyonza sauti na kuzuia sauti ni mambo mawili tofauti. Vitu laini hupunguza mvumo wa ndani, lakini ni kuta nzito zisizo na nyufa zinazozuia kelele za nje. Trei za mayai, ambazo baadhi ya watu hubandika ukutani wakitarajia kuzima kelele, hufyonza kiasi kidogo cha sauti nyembamba na hazizuii chochote kutoka nje. Isitoshe, karatasi zake hushika moto kwa urahisi.

Ni rahisi zaidi kuyazingatia haya kabla ya ujenzi. Eneo la madarasa likipangwa mbali na barabara na uwanja wa michezo, na dari ikiwekwa katika makadirio ya gharama tangu mwanzo, shule huepuka ukarabati wa baadaye.

Wahenga walinena kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Lakini kabla ya kumwadhibu mwanafunzi kwa kutosikia la mwalimu, yafaa mtu mzima aende akaketi katika dawati la nyuma, somo likiendelea, na kujaribu kuandika anayoyasikia.